Mfereji Uliosogezwa

Odile alipopata kiwanja chake mlimani, mbali na Kataki, mtaa wake wa chini ambako maji ya ziwa yalikuwa yameingia hadi chumbani mwake, alienda kumwambia baba yake kabla ya muntu mwingine yeyote. Papa Ilunga alikuwa masoni, fundi wa kujenga wa reli, tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Hakumpongeza. Aliuliza kama udongo wa kule ni mwekundu ama wa mchanga, kisha akasema, "Kamba za musingi nitafunga mimi mwenyewe."

Odile alisita. Nyumbani wote walijua kwamba macho yanamwacha mzee. Alipapasa meza kabla ya kushika kikombe, na aliwasalimu wajukuu kwa majina ya wenzao. Lakini yeye alisema ni jua tu, na hakuna aliyembishia.

"Sawa, Papa," Odile akasema.

Basi Papa Ilunga akafunga kamba, pamoja na Guelord, fundi ambaye Odile alimchukua kwa kazi ile. Guelord alikuwa ameanza kushika mwiko akiwa kijana, chini ya mzee huyu huyu. Siku ile mzee alikuwa na sauti ya zamani, sauti ya muntu anayesikilizwa. Alipiga vigingi, akavuta kamba, akatembea kando yake kwenda na kurudi akihesabu kwa miguu, kisha akasema wachimbe.

Mfereji ulipokaribia kwisha, Guelord akamwita Odile pembeni.

"Mama, kona ya upande wa ziwa imekataa. Tukimwaga beto hivi, chumba cha mbele kitapinda."

"Ulimwambia Papa?"

"Yeye njo alinifundisha. Nitamwambia kwa kinywa gani?"

Odile alitazama mfereji. Hata yeye, ambaye kazi yake ni ya makaratasi katika biro ya bandari, aliona kwamba umekwenda upande. Akafikiri kwamba mzee asipojua, hataumia.

"Jumamosi nitamuondoa hapa," akasema. "Musogeze kamba, muchimbe mufereji mupya, mufukie ule wa zamani. Asijue."

Jumamosi akampeleka baba yake kwa Elisabeth, dada ya mzee, kula mikebuka, samaki wa ziwa. Mzee alivaa kofia yake nyeupe. Alikula vizuri, akaomba bonge jingine la bukari, akasimulia habari za nyumba alizojenga kando ya reli ya kwenda Niemba, akacheka hadi machozi yakamtoka. Odile alicheka pamoja naye. Jioni aliporudi, kiwanjani mambo yalikuwa tayari. Alilala vizuri, akijiona amemtunzia mzee heshima yake.

Siku ya kumwaga beto, zege la msingi, walikuja majirani na akina mama wa kanisani. Wengine walibeba maji, wengine walichanganya mchanga, sima ya kujengea na kokoto kwa koleo, wengine wakapokezana makarai mpaka mferejini. Papa Ilunga alikuja pia, amevaa kofia ile ile. Noëlla, jirani wa Odile, akamletea kiti, akakikataa.

"Musingi hauangaliwi umekaa," akasema.

Akaanza kutembea. Alitembea bila fimbo, kifua mbele, akisalimu watu huku na huku, kama muntu aliye sebuleni kwake. Odile alielewa ghafla. Mzee hakuwa akiona njia. Alikuwa amekariri mfereji wake kwa miguu siku ile ya kamba, na sasa alifuata ukingo ulioko kichwani mwake, moja kwa moja kuelekea kona ya ziwa.

Odile alifungua kinywa. Kama angepaza sauti, "Papa, simama," watu wote wangejua kwamba haoni. Akasita kidogo tu, na mzee akakanyaga hewa.

Alianguka ubavu ndani ya beto mbichi. Muntu mmoja alicheka, kisha akanyamaza. Guelord aliruka ndani, akamwinua kwa makwapa, akamkalisha ukingoni. Kofia ilibaki chini.

Papa Ilunga hakulalamika. Alipapasa ukingo wa mfereji kwa mkono, polepole, akafuata udongo uliokatwa.

"Hapa hapakuwa na mufereji," akasema. "Nani alisogeza kamba yangu?"

Koleo zote zilikuwa zimesimama. Guelord alimtazama Odile. Alimtazama kwa muda wa kutosha, na Odile alijua anangojewa. Akatazama kofia iliyobaki chini.

"Njo mimi, Papa," Guelord akasema.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu."

"Nilikufundisha kazi," mzee akasema mbele ya wote. "Sikukufundisha kudharau wakubwa."

Guelord aliinamisha kichwa. Odile alileta maji na sabuni, akapiga magoti, akamwosha baba yake miguu na mikono, kwa sababu sima inaunguza ngozi. Alishukuru kwamba kazi ile ilimruhusu kutazama chini. Noëlla alimsogelea akanong'ona, "Kwani Papa haoni?"

"Aliteleza," Odile akajibu.

Beto haingoji, kwa hiyo wakaendelea. Guelord alisawazisha mpaka mwisho bila kumtazama muntu.

Alasiri Odile alienda kwa baba yake na nguo safi. Alimkuta amekaa kitandani, mikono magotini.

"Papa, Guelord hana kosa."

"Ninajua."

"Mimi njo nilimutuma."

"Ninajua, nimekuambia. Guelord hawezi kugusa kamba yangu bila kutumwa. Nilijua pale pale, na nikamugombeza yeye, kwa sababu wewe ni mutoto wangu." Akapapasa nguo safi alizoletewa. "Siku ile tulienda kwa Elisabeth. Njo siku hiyo walisogeza?"

"Ndiyo, Papa."

Mzee alitikisa kichwa taratibu.

"Nilifurahi sana siku ile. Nilimwambia Elisabeth kwamba mutoto wangu bado ananikumbuka."

Afadhali angempiga kibao. Alishika ukingo wa kitanda, na uso ulimwaka kama aliyeinamia jiko.

"Ungeniambia, ningeona haya," baba yake akasema. "Lakini ningeona haya hapa nyumbani, mbele ya muntu mumoja." Kisha akanyoosha mkono. "Nishike. Twende kwa Guelord."

Hakutaka kubebwa kwa piki. Walitembea, mzee ameshika mkono wa bintiye katika barabara ambako kila muntu alimjua. Waliposalimiwa aliuliza kwa sauti, "Ni nani huyo? Sioni," na Odile akataja jina. Kila jina lilimtoka kwa shida.

Guelord alikuwa uani akiosha vyombo vyake vya kazi. Mke wake, Éliane, alileta viti. Papa Ilunga hakukaa.

"Nilikugombeza bure," akasema. "Kona yangu ilipinda, na macho yangu yamekwisha. Unisamehe."

"Papa, maneno hayo yameisha," Guelord akasema haraka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamkalisha.

Odile alikuwa angali wima. "Na mimi nilikuacha ubebe kosa langu peke yako," akasema.

Guelord alisuuza mwiko, akauweka chini.

"Nilikuangalia, Mama. Nilingojea."

"Ninajua."

Kwa Odile hakusema kwamba yameisha. Aligeuka akaanza kumweleza mzee jinsi beto ilivyokaa, na mzee akasikiliza, ameinamisha sikio.

Guelord aliimaliza nyumba. Alikuja kila asubuhi, alimsalimu Odile kwa adabu, na kuta zilisimama wima. Lakini hakumwita tena pembeni. Kitu kikiharibika, tofali baya ama dirisha lisilolingana, alikisema pale pale, kwa sauti, mbele ya wafanyakazi na majirani, na Odile aliitikia huku akitafuta pa kuweka macho yake.