Katibu wa Kamati Tano

Mwanamke mmoja alikuwa katibu wa kamati tano kanisani, na simu yake haikupoa. Maua, viti, kwaya, harusi, misiba: palipo na kikao, yupo. Wenzake walimtania kwamba siku akifa atafufuka kidogo, asome matangazo ya mazishi, kisha alale tena. Sala yake mwenyewe aliipiga kalenda, leo, kesho, kesho kutwa, hadi miaka ikapita.

Asubuhi moja hospitalini, wauguzi walikuja kumpeleka mama yake chumba cha upasuaji. Mama akamshika mkono.

"Mwanangu, niombee. Wewe si ndiye mtu wa kanisa?"

Katibu akafumba macho. "Baba yetu wa mbinguni, tunapenda kuwatangazia..." Akakohoa, akaanza upya. "Ee Mungu, tunawakumbusha wote..."

Akakwama hapo. Alitafuta moyoni neno moja la kumwambia Mungu, akakuta pakavu kama kisima cha kiangazi.

"Basi, mwanangu, acha," mama akasema taratibu. "Nilidhani mnajuana."

Kitanda kikasukumwa, mlango ukafungwa. Yeye akabaki pale ukumbini, macho kayafumba, mdomo wazi.