Konzi ya Nne

Jumamosi ile Bibi na mumewe walipogoa mawaridi pamoja, kama walivyofanya kila kiangazi yakishamaliza kuchanua mara ya kwanza. Mzee alikata maua yaliyonyauka, akishuka na kila tawi mpaka kwenye jani zima la chini, juu kidogo ya jicho la chipukizi linalotazama nje. Bibi alimfuata na ndoo ya kuokotea.

"Hilo umeliacha refu," Bibi alimwambia.

"Niachie kazi yangu. Wewe ukishika mkasi unakata kama unachuma mboga."

Wakacheka. Kisha wakamwagilia udongo, mzee akaweka mbolea ya chembechembe, konzi moja kuzunguka kila shina, wakamwagilia tena. Miaka thelathini alikuwa ametunza bustani ya hospitali, na vibarua wake walimwita Bwana Konzi Moja, maana hakuna aliyethubutu kuongeza hata chembe. Konzi ile ilitosha wiki sita.

Jumatatu asubuhi Bibi alimwona ameinama kwenye mashina, kopo mkononi. Akadhani anang'oa magugu. Jumatano akamwona tena, na safari hii akaziona chembe nyeupe koponi. Alhamisi alitoka jikoni mikono ikichuruzika maji ya vyombo.

"Baba watoto, si tuliweka Jumamosi?"

"Tuliweka nini? Leo ndiyo siku yake." Alijibu kwa upole, tena akamtania: "Mama watoto, uzee unakupigia hodi."

Bibi alitazama chini. Chembe nyeupe zilikuwa zimelala juu ya udongo mkavu, tabaka juu ya tabaka. Mzee alipoingia ndani, Bibi akavuta mpira wa maji akamwagilia mpaka udongo ukawa tope, lakini alikuwa amechelewa.

Jumatatu iliyofuata majani yalikuwa yameungua pembeni kama yaliyopitiwa na pasi ya moto. Matumba yaliinama. Mzee alishika jani moja, likavunjika vidoleni.

"Yule wa dukani ametuuzia sumu," alisema. Akavaa kofia, akabeba mfuko uliobaki, akatoka. Bibi alimfuata na ndara zake za nyumbani.

Mwenye duka la mbegu na mbolea alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi. Mwaka jana, mzee alipoumwa mgongo, mtu huyo alifunga duka saa nzima akawaletea mfuko kwa baiskeli, akaubeba mwenyewe mpaka stoo, na maji ya kunywa tu ndiyo aliyokubali.

"Umeniuzia nini wewe?" Mzee aliutupa mfuko juu ya kaunta. "Mawaridi yangu yote yameungua!"

Mwenye duka aliufungua mfuko, akachungulia chembe chache zilizobaki chini. "Lakini mzee wangu, huu ungekutosha mwaka mz..." Akainua macho, akakutana na macho ya Bibi. Bibi akatazama sakafu. Mwenye duka akaufunga mfuko, na sauti yake ikashuka.

"Basi kosa ni langu, mzee wangu. Labda ni mzigo mbaya. Uniwie radhi." Akatoa mfuko mpya kwenye rafu, akauweka mbele yake. "Chukua huu."

Mteja aliyekuwa pembeni alirudisha mfuko wake rafuni, akatoka bila kuaga.

"Na mtaa mzima nitauambia," alisema mzee.

"Sawa, mzee wangu."

Bibi aliona jinsi yule mtu alivyolimeza lile neno. Angeweza kuupokea wema ule na kwenda nao nyumbani kimya kimya. Lakini mfuko ulikuwa umejaa, na kesho asubuhi mzee angeufungua. Bibi akaweka mkono juu ya mfuko.

"Mwenye duka hana kosa. Mbolea imewekwa mara nne kwa wiki moja."

"Na nani?"

"Na wewe. Nilikuona, nikanyamaza."

Mzee alicheka, akamgeukia mwenye duka wacheke wote. Mwenye duka hakucheka. Alizunguka kaunta, akamletea kigoda. Mzee hakukaa. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, kana kwamba chembe zingekuwa bado zimeshika kiganjani.

"Mimi? Mara nne?"

"Wewe, baba watoto."

Akaushusha mkono. "Nisamehe, mwanangu," alimwambia mwenye duka.

"Hakuna neno. Mwagilieni maji mengi leo na kesho, na msikate kitu. Mashina yakiwa mazima yatachipua."

"Najua," alisema mzee. Kisha, kwa sauti ndogo, "Hilo nalijua."

Njiani alimshika Bibi kiwiko, yeye ambaye siku zote alitangulia hatua tano mbele. Walipofika kwenye ukuta mfupi wa jirani akasimama.

"Mama watoto. Ni mbolea tu?"

Bibi angeweza kusema ndiyo. Kulikuwa na birika lililounguzwa mara mbili jikoni. Kulikuwa na mjukuu aliyeitwa kwa jina la mama yake, akaitika tu asimwaibishe babu.

"Siyo mbolea tu."

"Basi niambie yote. Usinipunguzie."

Akamkalisha juu ya ukuta, akakaa ubavuni pake, akaanza na birika.