Mlango Uliopigwa Randa

Nabwile alikuwa binti wa seremala, na binti wa seremala haangalii nyumba kama watu wengine. Siku broka, dalali wa nyumba, alipowapeleka yeye na mumewe Jairus kuona nyumba iliyokuwa ikiuzwa nje kidogo ya Kitale, kando ya barabara ya kwenda mji mdogo wa Kwanza, Jairus alisifu mabati ya rangi na tangi la maji. Nabwile aliingia kimya, akawa anafungua na kufunga milango. Wa sebuleni ulikuwa sawa. Wa jikoni pia. Wa chumba cha nyuma, walimolala wajukuu wawili wa mwenye nyumba, nao ulifungika vizuri, ila ukingo wake wa juu ulikuwa umepigwa randa kwa mshazari. Upande mmoja ulikuwa umeliwa karibu upana wa kidole, na ubao uliofunuliwa ulikuwa bado mweupe.

Marehemu baba yake alitengeneza milango Webuye kwa miaka thelathini, na alizoea kusema kwamba mlango hauharibiki juu wenyewe tu. Fundi akiukata mshazari, ni kwamba fremu imehama. Fremu haihami ukuta ukiwa umetulia, na ukuta hautulii kama ardhi haitulii.

Nabwile aliurudishia mlango. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa darasa la nne Bungoma, na hajawahi kununua hata kibanda cha kuku. Tangu waoane walikuwa wapangaji, yeye na watoto Bungoma, Jairus Kitale, alikofanya kazi kwenye stoo ya mahindi. Sasa Nabwile alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Kitale mwakani, na kwa mara ya kwanza wangeishi wote pamoja, kwenye nyumba yao wenyewe. Watoto walikuwa wameshagombania vyumba ambavyo hawajaviona. Angeanzia wapi kuwaambia kuhusu ubao?

Mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini aitwaye Chelagat, aliwaandalia chai na viazi vitamu. Nyumba alijengewa na mwanawe Job, aliyefanya kazi mbali. Yeye alitaka kuiuza arudi kwa ndugu zake Cheptais pamoja na wale wajukuu, watoto wa Job. Alikuwa mpole, na upole wake ulimfanya Nabwile aone haya kwa yale aliyokuwa akiyawaza.

“Savea niko naye,” broka Wanyonyi aliwaambia walipotoka nje. “Anakuja kesho, anaonyesha bikoni za mpaka, anapiga muhuri, kwisha. Lakini msikae sana, bana. Kuna daktari wa Eldoret anaitaka hii nyumba. Mimi nawaambia tu kwa sababu nawapenda.”

Kesho yake mpimaji wa Wanyonyi, mzee mmoja aitwaye Rotich, alikuja na kamba yake. Alizipata bikoni zote nne, akaandika karatasi, na nusu saa haikuisha.

“Na nyumba?” Nabwile akamuuliza.

Rotich alimtazama kwa mshangao. “Madam, mimi napima shamba. Nyumba si kazi yangu.”

Lilikuwa jibu la haki, na ndilo lililomtisha kuliko yote. Kumbe watu wote hawa, broka, mpimaji, wakili wa kuandika mkataba, kila mmoja alikuwa na kipande chake, na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia kama ukuta utasimama.

Jioni alimweleza Jairus habari za mlango, lakini Jairus hakutaka kusikia. “Mama Kevin, si nyumba tumeiona kwa macho? Huyo daktari akiichukua, utaniambia nini?”

“Nitakwambia pole.”

“Ati pole!”

“Baba Kevin, ninaogopa,” alisema. Jairus, ambaye alikuwa hajamsikia akisema neno hilo hata siku ya kujifungua, akaketi kumsikiliza.

Jumatatu, baada ya vipindi, Nabwile alipanda ngazi za jengo moja mjini Bungoma, juu ya duka la dawa za mifugo, alikoelekezwa na mwalimu mwenzake. Humo alimkuta mhandisi wa majengo, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, jina lake Gladwell.

“Mipaka mmeshapima,” Gladwell alisema alipomsikiliza. “Sasa ninaweza kuja saa moja, nitazame kuta na paa, nikuandikie ninachokiona. Hiyo ni rahisi, na watu wengi huchagua hiyo. Au nije siku nzima, nigonge sakafu, nitoboe, nichimbe kando ya msingi. Hiyo ni ghali, na mwenye nyumba lazima akubali.” Akaweka kalamu chini. “Unaogopa nini hasa, mwalimu?”

“Mlango,” Nabwile akasema, akaona jinsi neno lilivyosikika la kijinga.

Gladwell hakucheka. “Umekatwa wapi?”

“Juu. Kwa mshazari. Na juzi tu.”

“Basi ningekuwa wewe, ningechagua siku nzima.”

Chelagat alikubali bila kusita. “Pimeni. Sina la kuficha,” alimwambia Nabwile kwenye simu. Jumamosi wakaenda wote watatu, Jairus akiwa amebeba sururu kama mtu aliyelazimishwa kwenda kuchimba kaburi la jirani asiyempenda.

Gladwell alianza sebuleni. Alipiga magoti akagonga sakafu kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, na simiti ikajibu kwa mlio mkavu: ko, ko, ko. Koridoni, vivyo hivyo. Nabwile alianza kutulia. Labda alikuwa amejitisha bure. Wakaingia chumba cha nyuma, wakasogeza kitanda cha watoto, na Gladwell akagonga pale kilipokuwa.

Bu.

Akagonga tena. Bu. Hakuinua uso. Alichukua mashine yake akatoboa tundu dogo, kisha akaingiza chuma chembamba chenye urefu wa mtu mzima ili aone udongo uko wapi. Chuma kiliingia. Kikaendelea kuingia. Kikamponyoka mkononi, kikazama chote, na baada ya kitambo kidogo wakasikia kutoka chini ya miguu yao mlio wa kitu kinachotumbukia majini.

Nabwile alikuwa amesimama katikati ya chumba. Sakafu ambayo alikuwa ameikanyaga bila kuiwaza sasa ilikuwa kama utando wa maziwa juu ya sufuria.

“Mwalimu,” Gladwell alisema kwa sauti ileile ya chini, “toka. Usikimbie. Pita kando ya ukuta wa mlango.”

Hatua zilikuwa nne. Alizitembea akiwa ameshika ukuta kwa viganja vyote viwili. Mlangoni alimkuta mjukuu mkubwa, Chelimo, msichana wa miaka sita, pekupeku, akitaka kuingia kuona wanachofanya. Alimnyakua kwapani bila kuuliza, na hakumweka chini mpaka walipofika uani.

Jairus alichimba kando ya msingi wa nyuma. Sururu ilitoa majivu, vipande vya matofali yaliyoungua, mifuko ya plastiki, magunzi yaliyooza. Maji meusi yakaanza kujikusanya.

“Walikuwa wakichimba udongo wa matofali hapa,” Gladwell alisema. “Shimo lao wakalijaza takataka, na mtu akajenga juu yake. Takataka zimeoza zikashuka, maji yanapita chini. Hicho chumba kimeshikiliwa na sakafu tu. Mama, hao watoto wasilale humo leo.”

Wakati huo Wanyonyi alikuwa amefika, na alipoliona shimo alifura. “Mama Chelagat, usiwasikilize! Ni mbinu hiyo. Wanataka kukushushia bei.”

Mjane aligeuka, akamtazama Nabwile kwa macho ambayo upole ulikuwa umeyatoka. “Mwanangu alinijengea nyumba hii. Unaniambia mwanangu amelaza watoto wake juu ya shimo?”

Nabwile alimsogelea. Kila neno la kweli lilionekana kama la mnunuzi anayebembeleza bei. Akaitazama nyumba, mabati yake, tangi lake, dirisha ambalo binti yake mdogo alikuwa ameahidiwa. Kisha, akimwita bibi kwa lugha ya mjane huyo, akasema kwa nguvu ili wote wasikie:

“Kogo, mimi sinunui. Hata ukiniuzia kwa nusu, sinunui. Hata ukinipa bure. Kwa hivyo sina faida ya kukudanganya. Toa watoto kwa hicho chumba.”

Wanyonyi alifyonza akaenda zake. Jairus alisimama na sururu mkononi, na Nabwile aliogopa kumtazama, maana alikuwa ameitupa ndoto ya familia nzima bila kumuuliza. Jairus aliegemeza sururu ukutani. Alipita kandokando ya ukuta mpaka ndani, akaburura godoro, kisha kitanda, akavipeleka sebuleni. Chelagat hakumzuia wala hakumsaidia. Walipoaga, hakujibu.

Mvua ilianza Jumapili, ikaendelea. Nabwile alifundisha darasani akisikiliza bati la shule. Alimpigia Chelagat Jumatatu. Simu ililia hadi ikakatika. Jumanne vilevile. Jumatano alimpata, lakini mama alisema “Tuko salama” akakata. Huenda godoro limerudishwa. Huenda yule daktari anakuja kuangalia na chumba kimepangwa upya. Akifumba macho alisikia ule mlio wa chuma majini. Alimwomba Jairus apite pale akitoka kazini, na Jairus akapita, akakuta lango limefungwa kwa kufuli.

Alhamisi saa tisa mchana, alipokuwa akisahihisha hesabu darasani, simu iliita.

“Mwalimu.” Ilikuwa sauti ya Chelagat, lakini nyembamba, kama ya mtu aliyezeeka ghafla. “Chumba kimeenda.”

“Watoto?” Alisimama, madaftari yakaanguka.

“Watoto wako hapa na mimi. Walikuwa sebuleni. Tumesikia kama lori linamwaga mawe, tukaenda tukakuta koridoni kuna mwanga. Ukuta wa nyuma hauko. Kuna maji tu chini.” Akashusha sauti. “Kila jioni nilikuwa nakutukana nikitandika hiyo godoro. Nataka ujue. Nilikutukana sana.”

“Haidhuru, Kogo. Tokeni nje. Hata sebuleni msikae.”

“Tumeshatoka. Tuko kwa jirani.” Kisha akauliza, polepole, “Ile karatasi ya mhandisi, unaweza kunipatia? Nimepigia Job. Amesema fundi alimwambia kuna shimo, lakini ati limeshindiliwa. Amejua miaka yote hii. Nataka aisome mbele yangu.”

Nabwile aliahidi. Alipokata simu aliinama kuokota madaftari, akaketi chini sakafuni kati ya meza, na watoto wa darasa la nne wakamtazama bila kelele, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Chelagat alihamia Cheptais mwezi uliofuata, nyumba ikabaki bila mnunuzi, na sehemu ya mbele iliyosimama ikabomolewa kwa amri ya serikali. Januari Nabwile na watoto walihamia Kitale, vyumba vitatu vya kupanga karibu na stoo. Jairus alikuwa wa kwanza kutaja nyumba nyingine, mwezi wa tatu, upande wa Kwanza. Alisema ni nzuri. Kisha akasema amempigia Gladwell, na kwamba yeye mwenyewe hajaingia ndani bado, anamsubiri mhandisi.