Wageni wa Mwenyekiti Ku

Asubuhi ya mkutano, wahudumu wa hoteli walipanga meza kando ya barabara, mbele ya mlango mkubwa, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa saba na wafu walikuwa wamefunguliwa milango ya kuzimu waje kula. Walipanga mananasi, tambi za paketi, makreti ya soda, na nguruwe mzima wa kuokwa mwenye nanasi dogo mdomoni. Chini ya meza ya mwisho waliweka beseni la maji, taulo mpya na kitana, ili wageni wanawe uso kabla ya kula, maana wanatoka mbali. Kila paketi ikachomekwa kijiti cha ubani. Mzungu mmoja alishuka kwenye teksi na beji yake shingoni, akachukua biskuti mezani, akatafuna, akashukuru. Hakuna aliyemkataza. Naye alitoka mbali.

Liao Kun-ting alikaa kwenye ukingo wa bustani akivuta sigara. Alikuwa fundi vigae, mgane wa miaka mingi, na koti alilovaa lilikuwa la shemeji yake; mikono ilimfika kwenye vidole. Alikwisha kuiona sakafu ya hoteli ile akajua aliyeilaza alikuwa na haraka. Alikuja Taipei kwa treni kwa sababu Binti Tseng, yule wa chama cha kutetea wafanyakazi, alimwambia kwamba safari hii wakubwa wote wangekuwa chumba kimoja: wa serikali, wa makampuni na wa vyama vya raia, wa huku na wa ng'ambo, wajadili kampuni inawiwa nini na watu inaowatumia.

"Na Ku atakuwepo?" Kun aliuliza siku ile.

"Mwenyekiti Ku ndiye mfadhili, Baba Liao. Chakula chote ni chake."

"Basi nitakuja. Sitakula."

Mkewe, Pao-lien, alikuwa mfanyakazi wa Ku kule Hsinchu, katika kiwanda cha taa ndogondogo za kupambia mti wa sikukuu ya watu wa mbali ambayo pale kiwandani hakuna aliyejua inaangukia siku gani. Alichovya vitaa katika rangi kutwa nzima, na kila kidole chake kilikuwa na rangi yake. Alilala bweni la kiwanda na kunywa maji ya kisima cha kiwanda, nacho kisima kilichimbwa karibu na shimo walipomwaga tina iliyochoka, ile ya kuyeyushia rangi. Chai ya wakubwa ilipikwa kwa maji ya chemchemi yaliyoletwa na lori kutoka hekalu la mlimani. Wanawake walipoanza kuvimba matiti na kutokwa damu, daktari wa kampuni alisema ni achari nyingi na kukesha kwingi. Ku, wakati huo kijana aliyekalia kiti cha baba yake juzijuzi tu, alisimama juu ya benchi la kantini akasema maji yale ni salama kama maziwa ya mama. Baadaye kiwanda kilihamia nchi yenye mishahara midogo zaidi, na Pao-lien akahamia makaburini.

Tangu hapo, kila mwezi wa saba Kun alimwekea wali, samaki wa kukaanga na figili mbele ya picha yake, akawasha ubani, akasubiri uishe. Kisha alitupa chini vibao viwili vyekundu vya kuulizia wafu, vilivyochongwa kama mwezi mchanga, akauliza, "A-Lien, umekula?" Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, jibu ni ndiyo. Vyote kifudifudi, hapana. Vyote chali, mfu anacheka tu. Kun hakuwahi kupata ndiyo. Aliula wali ule mwenyewe, umeshapoa, akimlaani Ku kwa kila tonge. Alichotaka katika dunia hii kilikuwa kidogo. Alitaka mkewe ale.

Kule mezani mbele ya hoteli, ubani wote ulipokwisha kuwashwa, Bi Hsueh, meneja wa hoteli, alimpa Mwenyekiti Ku vijiti vitatu.

"Sema neno, Mwenyekiti. Wewe ndiye mwenye shughuli."

Ku hakuwa na sala. Kichwani alikuwa na hotuba ya ufunguzi tu. Akainua ubani mpaka kwenye paji la uso, akainama, akasema, "Tunawakaribisha wote walioguswa na kazi za kampuni zetu. Viti vipo. Sauti zenu tunazihitaji."

Bi Hsueh alimtupia jicho. Watu huwaambia wafu waje wale, kisha waende salama. Hakuna anayewatajia viti.

Afisa itifaki alikuja mbio. "Naibu Waziri yuko kwenye taa za barabarani pale kona. Ondoeni huyu nguruwe."

"Ubani haujafika hata nusu," alisema Bi Hsueh. "Hatujatupa vibao. Hatujui kama wameshiba."

"Utawauliza jioni, mama. Kwani wana treni ya kuwahi?"

Nguruwe akabebwa kwenda jikoni, vijiti vikifuka mgongoni mwake.

Wanawake wa kiwanda waliingia kwa ule mlango mkubwa wa kuzunguka, mmoja mmoja, kwa kuwa haupitishi wawili. Walivaa aproni za bluu na vitambaa kichwani. Viatu vyao viliacha maji sakafuni, na mhudumu akafuata nyuma na tambara. Mbele alikuwa Dada Mkubwa Yeh, msimamizi wa zamu, aliyekufa wa kwanza.

"Taasisi gani?" aliuliza msichana wa mapokezi.

"Kiwanda cha taa."

Msichana alitafuta, akalikuta jina la kampuni kwenye orodha ya wafadhili. "Wawakilishi wenu wamejaa. Nitawaandika watazamaji. Mtazamaji anapata chakula cha mchana, ila hasemi."

"Tumezoea," alisema Dada Mkubwa Yeh, akavaa beji.

Pao-lien aliingia karibu na mwisho. Alimwona Kun, aliyekuwa ameshaingia ndani, akamwendea moja kwa moja. Yeye alikuwa na umri uleule aliofia. Watu wangedhani ni mzee na binti yake.

"A-Kun. Umezeeka vibaya."

"Wewe hukunisubiri tuzeeke pamoja."

"Koti la nani hilo?"

"La shemeji."

"Nilijua. Wewe hujawahi kununua koti." Alimnyoosha ukosi. Vidole vyake vilikuwa vilevile: chekundu, kijani, cha bluu, cha njano. "Bado unaweka figili nyingi kwenye sahani yangu."

"Si unazipenda? Mbona huli, A-Lien? Miaka yote hii?"

"Hakipiti." Aligusa koo. "Yale maji bado yako hapa. Tuliapishwa tuseme ni matamu, tukasema, tukameza. Mpaka aliyesema ni salama aseme siyo, au ayanywe. Hapo yatashuka, nasi twende zetu."

"Basi, hilo tu?"

"Hilo tu," alisema Pao-lien, naye akatazama mlangoni. "Mbona unasema kama ni dogo?"

Waliketi safu za nyuma. Mwenyekiti Ku, akipita kuelekea jukwaani, aliwatambua, maana hakuwa mtu wa kusahau sura.

"Hamjambo? Mko salama?"

"Tumekufa, bosi," alisema Dada Mkubwa Yeh.

"Poleni sana," alisema Ku, akaenda kuketi.

Asubuhi yote wakubwa walizungumza. Naibu Waziri alisema serikali ni mama wa wote. Mzungu wa biskuti alisema kwao jambo hili wameliandikia kanuni nzuri, na kanuni zenyewe zina picha. Wakabishana kama kampuni "zinapaswa" kutazama madhara yao au "zinahimizwa". Binti Tseng alisimama akaipigania "zinapaswa" mpaka sauti ikamkauka. Wakakubaliana juu ya "zinahimizwa, inapowezekana". Kun alisikiliza tafsiri masikioni akaona ni kama kumsikiliza fundi anayesifia plasta huku ukuta unamdondokea mwenye nyumba. Wakubwa hawasemi uongo mmoja mkubwa siku hizi. Wanausaga ukawa unga, wakaugawa kwenye sahani za wote.

Binti Tseng alipotaka kunywa maji aliirudisha glasi mezani. Mezani kote watu walirudisha glasi. Maji yalikuwa yamebadilika, yakawa yale ya bwenini, na ukumbi ulinuka rangi mbichi na tina. Mwakilishi wa benki alifuta midomo kwa leso. Wahudumu wakaomba radhi, wakaleta chupa mpya zenye lakiri. Zilipofunguliwa, zilikuwa na maji yaleyale. Mwendesha mkutano akatangaza kwamba kuna hitilafu ndogo ya maji, akamkaribisha msemaji anayefuata, Bwana Liao, sauti ya waathirika.

Kun alipanda jukwaani na karatasi aliyoandikiwa na Binti Tseng. Alisoma salamu. Herufi zilizofuata zilimshinda, na hata zisingemshinda hakuzitaka. Akaikunja karatasi.

"Mwenyekiti Ku," alisema. "Mimi sikusoma, sina maneno. Glasi yako hiyo hapo mbele. Kunywa."

Wakalimani walitafsiri. Haikuwachukua muda.

"Baba Liao," alisema mwendesha mkutano, "utaratibu wetu..."

"Sijamtukana. Nimemkaribisha maji yake. Alisimama kwenye benchi akasema ni maziwa ya mama. Mama yake huyo hapo kwenye glasi. Anywe, au aseme hayanyweki. Nitashuka, nitapanda treni, hamtaniona tena."

Huko nyuma wanawake wote waliinama mbele kwa pamoja, na viti havikulia. Pao-lien alishika koo lake.

Mwenyekiti Ku alitazama glasi. Aliinyanyua. Alikuwa mzee aliyetunzwa vizuri. Aliifikisha chini ya pua, akakaa nayo hapo, na watu wote ukumbini walimwona akibana pumzi. Kisha akaishusha.

"Namshukuru sana Bwana Liao kwa mchango wake wenye hisia," alisema. "Kwa bahati mbaya daktari wangu amenikataza maji baridi."

Watu wa umri wake waliitikia kwa kichwa. Ni kweli, maji baridi huharibu tumbo la mzee. Bi Hsueh, aliyekuwa mlangoni, hakupepesa jicho, akaagiza birika. Maji ya glasi yakachemshwa, yakamiminwa kikombeni, yakawekwa mbele ya Mwenyekiti yakitoa mvuke. Harufu ilizidi mara mbili. Mkalimani wa Kijapani alifungua dirisha la kibanda chake.

"Haya, si baridi tena," alisema Kun.

"Yapoe kwanza," alisema Ku.

Wakangoja yapoe. Yalipopoa, Naibu Waziri alisema yamekuwa baridi, na kwamba suala la maji ni la kitaalamu, haliwezi kuamuliwa kwa mdomo wa mtu mmoja. Akapendekeza kamati. Ikaungwa mkono na wawakilishi wa serikali, wa makampuni na wa vyama vya raia, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile pande zote kukubaliana. Walipiga makofi. Binti Tseng hakupiga, lakini naye aliingizwa kwenye kamati.

"Usinitazame hivyo, Baba Liao," alimwambia Kun pembeni. "Nisipokuwemo itakuwa mbaya zaidi."

"Itakuwaje zaidi, mwanangu?"



Jioni walipigwa picha kwenye ngazi. Mpiga picha aliwaweka wanawake wa kiwanda mstari wa mbele kwa kuwa walikuwa wafupi. Walitoka vizuri sana, kila aproni na kila kidole, na kampuni ya Ku ikaitumia picha ile kwenye jalada la taarifa yake ya mwaka, chini yake pameandikwa: Tunawasikiliza.

Wageni walipoondoka, Bi Hsueh aliwasha ubani mpya, akatupa vibao kwenye zulia la ukumbi akiuliza kama wageni wameshiba na wako tayari kwenda. Vyote chali. Akatupa tena. Chali.

"Wanacheka," alisema.

"Hawacheki," alisema Kun. "Namjua mke wangu akicheka."

Pao-lien alikuwa ameketi palepale, mikono mapajani. Kun alimwambia waende nyumbani, chumba chake hakijaguswa, hata kitana chake kipo. Mkewe akasema hawezi, waliitwa pamoja, na viti walipewa pamoja. Isitoshe Dada Mkubwa Yeh amekataza mtu kutoka zamu kabla ya kengele.

"Na picha yako? Nani atakula mbele ya picha?"

"Usiweke tena. Sipo pale."

Mwezi wa saba ulikwisha, milango ya kuzimu ikafungwa, nao wakabaki. Hoteli iliendelea kukodisha ukumbi. Madaktari wa meno walifanya mkutano wao mle, kisha wauza bima, kisha harusi moja yenye watu wengi, na bibi harusi akawagawia pipi safu za nyuma, ambazo walizishika tu mkononi. Bi Hsueh aliondoa glasi mezani. Kamati ilikutana, ikaomba muda. Kun alikuwa akija kwa treni siku asizokuwa na kazi. Bi Hsueh alimwachia lile beseni na taulo, naye akapiga magoti kwenye zulia, akaviosha vidole vya mkewe kwa maji na sabuni ya kufulia. Maji yalitoka na rangi: nyekundu, kijani, bluu, njano. Vidole vilibaki na rangi zao.

Mwaka uliofuata mkutano ulirudi palepale, kwa kuwa Mwenyekiti Ku aliufadhili tena. Kila mjumbe alipewa zawadi mlangoni, chupa ya chai ya chuma yenye nembo ya mkutano, tayari imejazwa maji ya chemchemi kutoka mlimani. Wajumbe wa ng'ambo walisifu desturi hiyo. Watazamaji walikuwa wameshaketi, na msichana wa mapokezi alipita kuwabadilishia beji.

Kun alisimama mlangoni. Mwaka huo hakualikwa kusema. Alimwona Ku akipanda jukwaani, akifungua chupa yake, akajimiminia kwenye kifuniko, akanywa taratibu, akafuta midomo, akaanza, "Tunawakaribisha wote walioguswa."

Kule nyuma Pao-lien aligeuza kichwa. Alikuwa ameona mkono ukipanda na kushuka.

"A-Kun," aliuliza, "amekunywa?"

"Bado."

"Basi nenda wewe ukale," alisema, akageuka tena kutazama mbele. "Chakula kitapoa."