Kitambaa cha Chini ya Boneti

Lori liligoma. Halikukohoa wala kuguna, lilinyamaza tu kama mtu aliyenuna. Kitinda alibonyeza rimoti mara nyingine, akasikia kitu kikilia tik chini ya dashibodi, taa za mbele zikamulika, basi. Stata ya injini haikuzunguka hata kidogo.

"Jana liliwaka," alisema, kama anayeshtaki.

"Nililisikia," baba yake alijibu kutoka barazani. "Nilikuwa nimejilaza, nikadhani naota."

Kitinda, binti wa mwisho wa mzee huyo, alikuwa fundi umeme wa magari, tena fundi mwenye jina huko anakoishi. Alikuwa amesafiri na mfuko mzima wa vifaa ili aje kufunga kidude hiki cha kuwashia lori kwa mbali. Baba yake aliendesha lori hilo maisha yake yote ya kazi. Tangu apasuliwe nyonga, daktari alimkataza kupanda, na sasa kila asubuhi alikaa barazani akilitazama. Kaka mkubwa, mtu wa kupenda uwanja msafi, alisema lori lisilowashwa ni vyuma tu, akapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje leo adhuhuri. Kitinda alimpigia simu, wakagombana mpaka makoo yakawakauka. Mwishowe walikubaliana: mzee akiweza kuliwasha mwenyewe bila kupanda, lori libaki. Akishindwa, liondoke, na mtu asinune.

"Nifungulie boneti, baba."

Mzee alikuja na mkongojo wake. Boneti alikuwa hamwachii mtu. Jana aliifungua yeye kabla hajaenda kujilaza, na leo alfajiri aliifungua tena kupima maji na oili, kama alivyofanya kila alfajiri ya safari, ingawa safari yenyewe haikuwepo.

"Hili lina maringo yake," alisema akihangaika na komeo. "Wewe hulijui."

Kitinda alimwachia, akapanda ndani kukagua nyaya. Harufu ya ndani ilimshika. Ilikuwa ya mafuta, vumbi na ngozi kuukuu ya kile kiti kirefu. Utoto wake wote ulikuwa kwenye kiti hicho. Mama alikuwa akisafiri nao, kikapu miguuni, na Kitinda akilala kichwa kikiwa mapajani pake. Mama hayupo sasa, ila pale alipokuwa akikaa pamebonyea bado. Kitinda alipitisha mkono hapo, akajikaripia, akarudi kwenye kazi.

Betri ilikuwa nzima. Fyuzi zote nzima. Gia ilikuwa huru. Akashuka kukagua kijiswichi alichokifunga pembeni mwa injini. Ni kitufe kidogo ambacho boneti ikifungwa hukibonyeza. Boneti ikiwa wazi, kitufe hujiinua na rimoti hukataa kuwasha, maana huenda mtu ameingiza mikono kwenye feni. Alikifunga kwa mpira kikae chini, akamwambia baba asogee, akabonyeza rimoti.

Stata ikazunguka, injini ikanguruma, kunguru wakaruka ukutani. Mzee akacheka kama mtoto.

Kitinda akazima, akafungua ule mpira, akasema, "Haya, funga boneti," akapanda kutazama taa za dashibodi. Akasikia boneti ikishuka na komeo likiingia. Akabonyeza.

Tik. Kimya.

"Wazi linawaka, likifungwa linagoma," alisema akichungulia dirishani. "Umeona wapi gari la hivi?"

"Mama yako alikuwa hivyo hivyo. Ukimwacha aseme, kazi zinakwenda. Ukimfunga mdomo, nyumba nzima inalala njaa."

Kitinda alitaka kucheka, ila jua lilikuwa linapanda na kichwa kilimwanga. Jana jioni boneti aliifunga kwa mkono wake, na lori likawaka bila neno. Waya ni zile zile, betri ile ile. Kimebadilika nini?

"Fungua tena, baba. Halafu funga. Safari hii nasimama hapa mbele."

Mzee alifungua. Mkono wake ukapita ukingoni, ukachukua kitu, ukakitia kwenye mfuko wa koti, upesi, bila yeye kutazama. Wakati wa kufunga, mkono ule ule ukatoa kile kitu mfukoni, ukakilaza ukingoni, na boneti ikashuka juu yake. Ikabaki imeinuka kwa unene wa kidole.

"Baba. Umeweka nini hapo?"

"Wapi?" Alishangaa kweli. Akatazama mkono wake. "Aa. Hicho kitambaa."

Alikitoa, akampa. Kilikuwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara nyingi na kushonwa kwa uzi mzito, cheusi kwa mafuta, maua yake yakionekana kwa mbali tu. Kitinda aliujua mshono ule. Sare zake zote za shule zilishonwa kwa mkono huo.

"Boneti ilikuwa inagongagonga kwenye mashimo," mzee alisema. "Mtoto anashtuka, analia mpaka tunafika. Mama yako akashona hicho, tukaweka, ikanyamaza."

"Mtoto gani?"

"Wewe, nani mwingine?"

Kitinda alikigeuza kitambaa kiganjani. Baba yake alikuwa amekitoa na kukirudisha miaka yote hiyo, mtoto akakua, akahama, akawa fundi, na mkono bado unakirudisha.

"Ndicho kinachozuia, siyo?" mzee aliuliza. Alitazama kitambaa, akatazama lango. "Basi kitoe tu. Acha igonge. Hakuna anayelala humo tena."

Kitinda alimpa kisogo apate kufuta macho. Akaingia uani, akarudi na kandambili kuukuu ya baba yake. Akakata kipande cha soli, akakibandika kwa gundi chini ya boneti, juu kabisa ya kile kitufe, kifidie ile nafasi ya kidole.

"Rudisha kitambaa chake," alisema. "Halafu kaa barazani, ubonyeze wewe."

Akapanda ndani. Mzee alibonyeza, na lori likawaka mara moja. Mtikisiko wake ulimpanda Kitinda kutoka miguuni hadi mabegani, na boneti haikugonga. Usiku uliopita wasiwasi haukumpa usingizi. Alijinyoosha kwenye kiti, kichwa kikaangukia pale palipobonyea, akafumba macho.

Akasikia lango likifunguliwa kwa kishindo.

"Mzee!" Ni kaka mkubwa, anapiga kelele kuishinda injini. "Mtu wa vyuma huyu hapa, nimekuja na—"

Sauti ikakatika ghafla. Kitinda alifumbua jicho moja, akachungulia. Barazani, baba yake alikuwa ameweka kidole mdomoni, na kwa mkono mwingine alionyesha lori. Kaka mkubwa, ambaye enzi za utoto wa Kitinda alinyamazishwa hivyo hivyo kila safari, akatazama lori linalonguruma, akatazama rimoti mkononi mwa mzee. Kisha akasogea karibu na dirisha akinyata, akamwona dada yake.

"Amelala?" akanong'ona.

"Ndiyo kwanza," mzee akajibu.

Kaka mkubwa akarudi langoni kwa ncha za vidole, akamwambia mtu wa vyuma, taratibu kabisa, aende zake.