Baridi Haijui Jumapili

Nzilani alianza kumshuku Mzee Mutie siku ya nne, na shaka hiyo ilimuuma kama mwiba wa mgunga uliokatikia kisiginoni.

Ilikuwa Agosti 1988. Alikuwa ametumwa kutoka Nairobi kukusanya vipimo vya joto vya kituo kidogo cha hali ya hewa pale Ikutha, aone kama miaka thelathini imebadilisha kitu. Tangu 1958 ni Mutie aliyevisoma vipimajoto, kila asubuhi saa tatu, ndani ya kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama uani nyuma ya ofisi. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Siku ya kwanza alimtazama binti yule viatu kabla ya kumtazama uso.

"Ni wewe wametuma kunichunguza?"

"Nimekuja kuona madaftari, baba."

"Ni kitu kimoja," akasema mzee, na ufunguo wa kabati akautia mfukoni.

Nzilani hakuwa msemaji. Hata chuoni alikuwa akiinua mkono nusu, kisha akaushusha. Akajiinamia kwenye madaftari, akazigeuza Farenhaiti za zamani kuwa Selsiasi, akachora mstari wa baridi ya usiku. Mstari ulikuwa ukipanda polepole. Kwa miaka thelathini ulikuwa umepanda karibu digrii nzima. Lakini je, lilikuwa joto la Ikutha au kalamu ya Mutie? Mkuu wake alikuwa amemwonya: kituo chenye takwimu za kupikwa hutupwa chote, mwanzo hadi mwisho.

Basi akazipanga siku kwa majina yake, Jumapili kwa Jumapili, Jumatatu kwa Jumatatu. Hapo akaona. Kuanzia 1974 hadi 1979, Jumapili ilifanana na Jumamosi kama pacha, na Jumatatu ikawa na baridi kuliko siku nyingine zote, mwaka baada ya mwaka. Kipimajoto cha baridi huacha alama pale joto liliposhuka zaidi, na alama hukaa hapo mpaka mtu airudishe. Asipoirudisha Jumapili, Jumatatu hubeba usiku wa siku mbili, na ule wenye baridi kali ndio huandikwa. Baridi haijui Jumapili. Anayeijua ni mtu.

Halafu kulikuwa na jambo la pili. Mutie alikuwa mtu wa nusu na kamili: 17.5, 18.0. Lakini tangu 1980 Jumapili zilikuja na 17.3, 18.6, kwa mwandiko uleule wake. Nani alikuwa akimpa? Au mzee alikuwa amejifunza kudanganya kwa ustadi zaidi?

Jumapili hiyo Nzilani hakwenda kanisani. Alijibanza nyuma ya tangi la maji, aibu ikimchoma masikio. Saa tatu ilipokaribia, nyimbo za kanisa la kina Mutie zikivuma kutoka ng'ambo ya barabara, mwanamke mrefu wa mtandio wa manjano alikuja, akatoa ufunguo, akaingia uani. Alikuwa Arbaco, mwenye hoteli ya chai sokoni, mke wa Dirie mnunuzi wa mbuzi.

"Mama, unafanya nini hapo?"

Arbaco hakushtuka. Alisoma kwanza, akaandika kwenye kipande cha pakiti ya majani chai, ndipo akageuka.

"Wewe mtoto, ukinisemesha nikisoma nitakosea. Miaka nane hakuna mtu alinisemesha."

"Nani amekutuma?"

"Mutie. Dini yake inamkataza Jumapili. Yangu haikatazi mtu kuangalia vioo." Akacheka. "Na wewe uko nyuma ya hilo tangi tangu saa mbili. Nilikuona kutoka hotelini, nikafikiri ni mwizi wa mabati."

Jumatatu Mutie alikuwa amekwisha kuambiwa. Alimkuta Nzilani mezani, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Nilisema ni mpelelezi."

"Baba, zile za kabla ya Arbaco. Nani alizisoma?"

Mzee aliegemea mlango. "Nilipookoka, wazee wa kanisa walisema kazi ya Jumapili ni dhambi. Ningeacha pengo, Nairobi wangeuliza. Nikaandika ya Jumamosi, nikiigeuza kidogo."

"Miaka sita?"

"Miaka sita. Mwishowe nikajiuliza, kudanganya siku ya Bwana si ni kubaya kuliko kufanya kazi? Nikamwendea yule mama. Sheria haitaki mtu wa nje aguse vyombo, ndiyo maana nilinakili kwa mkono wangu." Akasogea. "Mwiitu, binti yangu, andika tu kipimajoto kilivunjika. Nani atauliza? Nimebakiza miezi mitano."

Kwa kweli nani angeuliza? Nzilani aliitazama mikono ya mzee, kucha zilizokatwa vizuri kwa ajili ya kushika vioo vyembamba. Kalamu ilikuwa karibu.

"Nikiandika hivyo," akasema kwa sauti ndogo, "atakayekuja baada yangu atanishuku mimi. Na hatakuwa amekosea. Watatupa asubuhi zako zote, hata zile za kweli."

"Na tukisema?"

"Tutaziondoa Jumapili zile na Jumatatu zake. Nyingine zitabaki."

"Na mimi?"

"Sijui, baba." Machozi yalimtoka, kwa maana kweli hakujua.

Mutie alivua kofia. Akavuta kiti, akashika rula mwenyewe. Kwa siku mbili walipiga mstari mwekundu juu ya Jumapili mia tatu na kumi na tatu na Jumatatu zake. Katikati ya 1977 mzee alisita. "Hii niliitunga siku ya harusi ya binti yangu Kalondu. Nilikuwa na haraka, nikaandika baridi ya Limuru, kule milimani." Kwenye Jumapili za kuanzia 1980 akaandika pembeni, moja moja: *Amesoma Arbaco*.

Nzilani akaandika barua ya kuungama kwa niaba ya mzee, ya kupelekwa Nairobi, kisha akapiga hesabu upya. Mzee alisimama nyuma yake akihema.

"Mstari umeshuka?"

"Haujashuka. Usiku wa Ikutha umepata joto kweli."

Mutie akashusha pumzi. "Mimi nilifikiri ni uongo wangu unaoupandisha." Kisha akanyoosha mkono. "Leta hiyo barua ya kuungama kabla sijapata akili."

Akaisoma mara mbili, kidole kikifuata kila neno, kisha akaikunjia uso.

"Hapa umeandika nimeeleza kwa hiari yangu. Nani alikuambia ni kwa hiari?"

"Nifute?"

Mzee alimkazia macho kwa muda. "Acha," akasema, akatia sahihi.