Mbio Zilizopoa

Evere nzima, mtaa huu wa Brussels, kuanzia kituo cha basi hadi ukuta wa makaburi, hakuna mtu aliyezijua habari za magari mekundu ya Ferrari kumzidi maman Mauwa. Alilisema hilo bila haya, mkono kiunoni, hata mbele ya Wabelgiji. Kisha akaongeza mwenyewe, kabla hujamsifu: "Lakini musiniulize namna ya kuwasha motokari. Miye hata kinga, baiskeli tu, nilianguka nayo, na ilikuwa imesimama, imeegemea ukuta."

Na ujuzi wenyewe ulikuwa wa juzi. Hadi mwezi wa sita maman Mauwa alijua jambo moja tu kuhusu Ferrari: zikianza kukimbia, mumewe hasikii akiitwa kula. Papa Ngoy aliupata ugonjwa huo akiwa kijana Lubumbashi, kwenye gereji ya Mtaliano mmoja aliyebandika picha za magari mekundu ukutani, pale ambapo wenzake hubandika Bikira Maria. Akamwambukiza mtoto wao wa kwanza, Guylain. Wazazi walipohamia Brussels, mtoto alibaki Katanga kuendesha malori ya mgodi, na kila Jumapili ya mbio baba na mwana walikaa kwenye simu, mmoja Evere, mwingine Likasi. Televisheni mbili, kelele moja.

Mwezi huo wa sita, kule Le Mans ambako magari hukimbia mchana na usiku bila kulala, Ferrari walishinda mara ya tatu mfululizo, na gari lililoshinda lilikuwa la njano.

"Papa, la jaune!" Guylain alipiga kelele hadi mama yake akamsikia jikoni. "Ile ya njano nayo iko yetu?"

"Iko yetu!" baba akajibu. "Zamani, hapa mu Belgique, Ferrari zilikuwa zinakimbia na rangi ya njano. Mutoto, hata wakipaka kijani, iko yetu!"

Ndiyo ilikuwa simu yao ya mwisho. Wiki ileile moyo wa papa Ngoy uligoma, akapelekwa hospitali kupasuliwa kifua. Alikuwa bado amelazwa, mipira puani, pale lori la Guylain lilipopinduka kwenye barabara ya Likasi. Guylain hakufika hata kwa daktari.

Kwao, mtu mgonjwa hatupiwi habari ya msiba kama unavyomtupia mtu karanga. Unangoja apate nguvu. Wakubwa wa ukoo wanakuja, wanakaa, wanasali, wanaulizana habari za safari kana kwamba hakuna kitu, ndipo mmoja wao anafungua mdomo. Basi tonton Donatien, kaka yake papa Ngoy anayekaa mtaa wa Laeken, akakata shauri mbele ya watu wote.

"Tutangoja docteur aseme moyo imeshika. Mbele ya pale, muntu asiseme kintu. Ngoy akisikia leo, tutazika babili. Na weye, Mauwa, usilie mu ile nyumba."

Maman Mauwa hakulia mu ile nyumba. Alilia Laeken, kwa binti yake Jémima, ambako godoro lilitandikwa chini sebuleni na wanawake wakaja kukaa naye. Alikuwa akitoka Evere na kitambaa chake cha kichwani cha maua, anapanda tramu, na akifika kwenye ngazi za Jémima anatoa kwenye mfuko wa soko kikwembe cheusi na kujifunga. Jioni anakifungua, ananawa uso, anavaa maua yake, anarudi. Papa Ngoy, aliyekwisha kurudishwa nyumbani, aliambiwa kwamba mkewe ameingia chorale, kwaya ya kanisa.

"Ile chorale inakuimbisha sana," papa Ngoy akasema siku moja. "Sauti yako inakauka, Mama Guylain."

Maana hivyo ndivyo alivyomwita tangu mtoto azaliwe. Mama Guylain, leta maji. Mama Guylain, miwani yangu iko wapi. Na yeye aliitika kila mara, haraka, kabla jina halijamwingia.

"Banatupa sauti ya juu, soprano," akamjibu. "Miye, na sauti yangu ya mbuzi! Mungu mwenyewe anaziba masikio."

Papa Ngoy akacheka akishika kifua kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai.

Shida ilikuwa Jumapili. Daktari alikuwa amekataza mbio za magari kabisa. Alisema hivi: moyo huu unaweza kupanda ngazi, hauwezi kupanda na Ferrari. Simu ya papa Ngoy tonton Donatien aliichukua, akasema ni amri ya daktari pia, ingawa daktari hakuwa na habari. Sasa papa Ngoy, kila akiamka usingizi wa mchana ambao dawa zilimpa, aliuliza swali lilelile.

"Guylain alipiga simu?"

"Alipiga. Ulikuwa unakoroma. Alisema nisikuamshe."

"Alisema nini juu ya mbio?"

Mara ya kwanza maman Mauwa alizipanga upya dawa mezani. Akasema zimekwenda vizuri. Papa Ngoy akamtazama kama mtu aliyeagiza ugali wa bukari akaletewa mkate.

"Vizuri namna gani? Guylain hawezi kusema 'vizuri'. Guylain anasema matairi, anasema pluie, mvua, anasema nani alipita nani mu virage gani, kona gani."

Basi ndipo akaanza kusoma, yeye aliyeishia darasa la tano na akafurahi kuishia hapo. Alimkalisha Jémima jikoni na simu, mlango umefungwa, wakaangalia mbio kwa sauti ya chini huku sombe, kisamvu cha kwao, likichemka. Alijifunza majina ya madereva kama alivyojifunza zamani majina ya mitume, kwa kuyaimba. Alijifunza kwamba mzee Ferrari alianzisha timu yake mwaka wa 1929 na mwanzoni alikimbiza magari ya watu wengine, ya Alfa Romeo, hadi baada ya vita alipotengeneza yake. Alijifunza kwamba tangu 2007 dereva wao hajawa bingwa wa dunia, na kwamba wenye kuwapenda, kila mwaka mbio zikianza, husema mwaka huu ndio wenyewe.

"Kumbe iko sawa vile kungoja papiers ya commune, zile karatasi za kukaa," akamwambia Jémima.

Jémima akacheka, kisha akaegemeza kichwa kwenye friji akalia. Mama akamfinya mkono. "Shh. Si mu hii nyumba."

Na papa Ngoy akiamka, mkewe alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kumpa mbio zake zikiwa zimepoa, kama uji wa mgonjwa. Kwa mdomo wa Guylain. Aliweka hata matusi ya Guylain, na ile tabia yake ya kusema "papa, juro", yaani naapa, kabla ya kila uongo. Alikuwa fundi wa kuiga watu tangu utoto. Kule Lubumbashi aliwahi kufukuzwa kanisani kwa kumwiga padri. Sasa alimwiga mwanawe, na papa Ngoy alifumba macho akitabasamu. Zilipita nyakati, katikati ya maneno, ambapo maman Mauwa mwenyewe aliisikia sauti ya Guylain ikitoka kooni mwake, na alitamani asinyamaze.

Lakini papa Ngoy naye alikuwa na hadithi zake. Mwezi wa saba, mvua ya Brussels ikigonga dirisha, alimuuliza: "Guylain alikuambia juu ya ule farasi?"

"Farasi gani?"

"Farasi mweusi, ule mwenye kusimama ku magari yetu. Kulikuwa soda moja, askari wa ndege, Mutaliano. Alichora ule farasi ku ndege yake. Akakufa mu vita. Kisha, banasema, mama yake alikutana na Ferrari angali kijana. Akamwambia: weka farasi wa mutoto wangu ku motokari yako, itakuletea bahati." Akajiinua kidogo kwenye mto. "Ule mama alikuwa na moyo, Mama Guylain. Kutoa kintu ya mutoto wake, bantu bote baone."

Maman Mauwa akasema anasikia sufuria inaungua. Hakukuwa na sufuria motoni. Alisimama jikoni akakamata kitunguu, akakikata, akakata kingine, akavikata vyote vilivyokuwamo ndani ya nyumba.

Maana siku tatu kabla ya hapo, mfuko wa nguo za Guylain ulikuwa umefika Laeken, umeletwa na mtu aliyetoka Katanga. Desturi inataka nguo za marehemu zigawanywe, na wanawake walizigawanya vizuri: shati hili kwa binamu, koti lile kwa rafiki. Kulikuwa na kofia moja nyekundu, imefifia, ina jasho lake kwenye ukingo wa ndani. Tonton Donatien aliinyooshea mkono kwa heshima, na maman Mauwa akaikalia. Akaikalia kabisa, kama kuku. Walimbembeleza, akawaambia wajaribu kumnyanyua, na kwa uzito wake wataita pompiers, watu wa zimamoto. Watu wakacheka wakaacha. Sasa, na kisu mkononi, aliwaza juu ya yule mama wa Italia. Mwenzake aliitolea dunia nzima farasi wa mwanawe. Yeye alikuwa ameshindwa kutoa kofia.

Mwezi wa nane daktari alisema moyo unashika vizuri. Tonton Donatien akapanga: Jumamosi inayofuata wakubwa watakuja Evere, pasta pia, papa Ngoy ataambiwa. Ilibaki Jumapili moja tu ya kuvuka.

Jumapili hiyo Jémima alikuwa amepeleka watoto baharini, Ostende. Maman Mauwa akajisemea, nimeshakuwa profesa, sihitaji mtu. Papa Ngoy alipolala, alijifungia jikoni, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja kwenye simu: Ferrari, mbio, Jumapili. Simu ikatii. Ikampa mbio nzima, Italia, jua kali, watu wekundu kama shamba la pilipili. Na wetu wakashinda.

Mwaka huo wote hawakuwa wameshinda Grand Prix hata moja. Aliwaona watu wakivunja uzio, wakimwagika barabarani, wazee wakilia. Maman Mauwa alisimama peke yake kati ya meza na jiko akarusha mikono juu. Tangu msiba, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kifua chake kufunguka. Kidole kikaenda chenyewe kwenye simu, kikatafuta herufi G, kikalipata jina. Alikuwa ameshaiweka sikioni ndipo akakumbuka.

Akaketi. Baadaye akanawa uso, akatengeneza chai, akaenda kwa mumewe.

Papa Ngoy alikuwa macho tayari, ameegemea mito, anatazama paa za majirani.

"Alipiga simu?" akauliza.

"Eh, papa! Alipiga! Kama ungesikia! Banashinda!"

"Banashinda?"

"Banashinda, juro! Mu Italie, kwabo kabisa! Bantu banaingia mu barabara, bazee banalia. Guylain naye alilia ku simu. Alisema: maman, mwambie papa, leo iko siku yetu."

Alilisema kwa furaha ya kweli, na ndiyo maana hakuona upesi kwamba uso wa mumewe haukusogea. Papa Ngoy alipokea kikombe, akakiweka mezani bila kunywa.

"Leo?"

"Leo, leo hii. Sasa hivi."

"Mu Italie. Monza."

"Njo pale. Monza."

Chini, basi lilisimama, likashusha watu, likaondoka. Papa Ngoy alikunja shuka kidogo kidogo kwa vidole, kama mtu anayetafuta uzi uliokatika.

"Mama Guylain, leo iko tarehe ngapi?"

"Dix-sept, kumi na saba. Juu ya nini?"

"Dix-sept août, mwezi wa nane." Hakupandisha sauti. "Mu hizi wiki hakuna mbio. Bote banaenda congé, likizo. Hata usine, kiwanda yabo, banafunga. Monza iko mu septembre. Ulizoona ni mbio za mwaka jana."

Maman Mauwa akacheka, kicheko cha kutafuta njia. "Ah, bon! Basi Guylain njo alichanganya. Unajua kule Likasi, réseau inakata-kata, labda alisema..."

"Guylain?" papa Ngoy akasema. "Ile kalendari anaijua kwa kichwa tangu eko mutoto. Guylain achanganye Monza?"

"Labda alikuwa amelewa kidogo."

"Mauwa."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita hivyo. Maman Mauwa, aliyekuwa na uongo wa kugawa Evere nzima, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Papa Ngoy akanyoosha mkono, akagusa koo la mkewe, pale sauti ilipokauka.

"Banamuzika wapi?" akauliza. "Likasi, ao Lubumbashi?"